Uzoefu wangu na chemba ya infraredi ya kuchunguzia vichocheo vya unga

Nimekuwa nikiitumia chemba hii, inayofungwa ndani ya spektromita ya infraredi (kifaa kinachopima miale ya infraredi inayomezwa na kitu), kufuatilia jinsi kaboni monoksidi inavyooksidishwa juu ya kichocheo cha oksidi ya shaba iliyotandazwa kwenye seria, yaani oksidi ya seriamu. Kilichonivutia ni kwamba unga huwekwa ulivyo, bila kugandamizwa kuwa kidonge, gesi ikapita katikati yake huku joto likipandishwa, na spektra (michoro ya miale iliyomezwa) zikachukuliwa mmenyuko ukiwa bado unaendelea.

Kwa upande wa kuona, sina malalamiko. Kila kilichonasa usoni mwa unga huacha mkanda, yaani alama ya miale iliyomezwa, mahali pake kwenye spektra, panapotajwa kwa idadi ya mawimbi katika sentimita moja. Kabonati, yaani michanganyiko ya kaboni na oksijeni inayoshika usoni, hujitokeza kati ya 1300 na 1600 kwa sentimita, na kaboni monoksidi iliyonasa kwenye shaba ya chaji moja huonekana karibu na 2110. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu seria inapopoteza oksijeni, ioni zake za chaji tatu hutoa mkanda wao wenyewe karibu na 2120, usiotokana na gesi yoyote. Niliitenganisha mikanda hiyo kwa gesi yenye kaboni-13, aina nzito zaidi ya kaboni, ambayo huuteremsha mkanda wa kaboni monoksidi kwa takriban 50, ilhali ule wa seria haubanduki.

Joto ndilo lililonipunguzia imani. Themokapo, yaani kipima joto cha chemba, imekaa chini ya kikombe cha unga, na miale husoma tabaka la juu tu, lililo jirani na kuba, yaani kifuniko cha chemba, linalopozwa kwa maji. Kwa hiyo uso wa unga huwa na joto dogo kuliko namba inayoonyeshwa, na pengo hilo huongezeka kadiri joto linavyopanda. Kitabu cha maelekezo kinalipita jambo hili haraka mno.

Isitoshe, mkanda kuwa mkubwa si ushahidi kwamba kinachoutoa kinashiriki katika mmenyuko. Kabonati nyingi hukaa tu, kama watu waliosimama kwenye eneo la ujenzi bila kushika mwiko. Ninachokiamini ni kuikata kaboni monoksidi ghafla, kisha kulinganisha kasi ya kufifia kwa kila mkanda na kasi ya kaboni dioksidi inayotoka, ingawa nafasi tupu iliyo juu ya unga huchelewesha gesi kuondoka na kuyavuruga mabadiliko ya sekunde chache.

Kwa kutambua kilichoshika usoni, ningeinunua tena; kwa kupima kasi ya mmenyuko, ningebaki na riakta ya kawaida ya bomba. Wenye oksidi nyeusi, kama ya manganizi, wachanganye unga wao na kalsiamu floridi, la sivyo sehemu kubwa ya miale itamezwa kabla ya kuifikia detekta.