Baiskeli ya Kazini Jijini Mwanza: Mapambo Yapi Ununue Kwanza

Anayetoka Igoma kwa baiskeli saa moja asubuhi hupita Nyakato, Buzuruga na Mabatini kabla ya kufika mjini. Njia nzima watu wamesimama vituoni wakisubiri daladala, na hawana la kufanya ila kutazama kinachopita. Kwa hiyo mwenye baiskeli ya kwenda kazini ana watazamaji kila siku, awe amewatafuta au hakuwatafuta. Kanda hii ya Ziwa inaipenda baiskeli kwa dhati. Huku mtu akinunua baiskeli, siku ya pili yuko kwa fundi anaulizia kengele, nyuzi za usukani na maandishi ya nyuma. Ni jambo zuri na linastahili kufanywa vizuri.

Tatizo ni kwamba duka la vipuri lina vitu vingi vinavyong'aa na mfuko una kiasi chake. Nimevipanga hapa kuanzia kinachostahili pesa yako ya kwanza hadi kinachoweza kusubiri. Kila kitu nimekipima kwa maswali matatu. Je, dereva wa lori atakiona? Je, kitavuka masika na vumbi la kiangazi bila kuchakaa? Na kikiharibika, fundi wa chini ya mwembe atakitengeneza, au atakutazama tu? Bei sijaziweka, maana hubadilika kati ya duka na duka na kati ya mteja anayejua kupatana na asiyejua. Nitasema tu kipi ni rahisi na kipi ni ghali.

Ijue baiskeli yako kwanza

Barabarani kuna aina mbili kubwa za baiskeli. Kuna ile ndefu ya mtindo wa Phoenix, yenye fremu ya chuma, ringi za inchi 28, breki za vyuma na keria inayobeba gunia. Halafu kuna za gia, nyingi zikiwa mtumba, zenye breki za waya na ringi za inchi 26. Kifaa cha moja mara nyingi hakiingii kwenye nyingine, hasa usukani, madigadi na tairi.

Kwenye tairi kuna mtego unaowala wengi. Dukani utasikia "ishirini na sita" kana kwamba ni kipimo kimoja, kumbe viko viwili. Tairi iliyoandikwa 26 x 1 3/8 inakaa kwenye ringi ya milimita 590, na ile ya 26 x 2.00 inakaa kwenye ringi ya milimita 559. Haziingiliani hata ukizilazimisha. Soma maandishi ya ubavuni mwa tairi yako ya zamani na uyapige picha kwa simu kabla ya kwenda dukani. Ya inchi 28 ya kawaida huandikwa 28 x 1 1/2, na kando yake 40-635, yaani upana wa milimita 40 kwenye ringi ya milimita 635.

Nafasi ya kwanza: taa na stika za kuakisi mwanga

Hapa sina mashaka hata kidogo. Mwanza jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu na kuzama karibu na saa moja jioni, na mwaka mzima tofauti ni ndogo. Anayeanza kazi alfajiri au kufunga duka usiku anaendesha gizani Januari mpaka Desemba. Ukiwa na shilingi za kununua kitu kimoja tu, nunua hiki. Bahati nzuri ndicho pia kinachopendeza kuliko vyote usiku.

Anza na stika, kwa sababu ni rahisi mno. Zile nyeupe na nyekundu zinazobandikwa kwenye malori huuzwa kwa vipande katika maduka ya vifaa vya magari. Nyeupe iende mbele, nyekundu nyuma, wala usizigeuze, maana dereva huziamini rangi hizo kumwambia unakuja au unakwenda. Kata vipande vyembamba na uvifuatishe mistari ya fremu, baiskeli ichoreke kwa mwanga. Usisahau mikono ya pedali na visigino vya viatu. Kinachopanda na kushuka humwambia dereva mara moja kwamba mbele yake kuna mtu anayekanyaga baiskeli, wakati kitu kilichotulia anaweza kudhani ni nguzo. Kabla ya kubandika, osha chuma kwa sabuni, kausha, kisha pangusa kwa spiriti. Stika iliyobandikwa juu ya vumbi au mafuta haimalizi mwezi.

Kwenye taa una njia mbili. Dainamo ya kusuguana na tairi, ya volti 6 na wati 3, haidai chaji wala betri, na kila fundi anaijua. Ina uzuri wake pia: taa kubwa ya nikeli mbele ya usukani huipa Phoenix heshima ambayo plastiki haiwezi. Kasoro yake ni kwamba unaposimama, inazima. Ukingoja kuvuka makutano, uko gizani. Taa ndogo za kuchaji kwa waya wa simu huwaka hata umesimama, ila uzichaji, na uzichomoe ukiegesha la sivyo utakuta hazipo. Ushauri wangu kwa mwenye Phoenix ni dainamo mbele na taa nyekundu ya kuchaji nyuma. Mwenye baiskeli ya gia achukue za kuchaji pande zote mbili. Angalia kifurushi kama kimeandikwa IPX4 au zaidi, yaani taa inavumilia maji ya kurukia kutoka pande zote, kwa sababu mvua ya Novemba haikuombi ruhusa.

Nafasi ya pili: rangi

Rangi ndiyo inayobadilisha sura kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo kazi inayoharibiwa zaidi kwa haraka. Ukimpelekea fundi wa gereji baiskeli nzima akaipuliza ilivyo, pamoja na vumbi na kutu yake, itapendeza wiki mbili. Halafu itaanza kubanduka kwenye shingo ya usukani na pale kiatu kinaposugua.

Kazi nzuri huanza kwa kuvua kila kitu: magurudumu, mnyororo, pedali, kiti, usukani. Kumbuka pedali ya kushoto imefungwa kinyume, kwa hiyo huifungua kwa kuzungusha upande ambao nyingine zote hukaza. Kisha msasa mpaka kutu yote iondoke, kisha praima ya kuzuia kutu, kisha rangi kwa matabaka membamba, kila moja likikauka kabla ya linalofuata, na mwisho klia, yaani vanishi isiyo na rangi, ya kuilinda. Mafundi wanaopuliza magari wanaweza kazi hii, na mara nyingi wana mabaki ya rangi watakayokuuzia kwa nafuu. Mwambie unataka praima kabla hamjapatana bei, na uione ikiwa imepakwa kabla rangi haijafuata. Ikishakamilika, iache siku kadhaa bila kuifungafunga. Rangi inayoonekana kavu ukiigusa kwa mkono bado ni laini kwa spana.

Je, rangi gani? Mashabiki wa Simba watataka nyekundu na nyeupe, wa Yanga kijani na njano, na hapo sina la kubishana. Kwa asiyefungwa na timu, zingatia vumbi. Nyeusi inayong'aa ni ya kifalme asubuhi, lakini kuanzia Juni hadi Septemba itadai kitambaa kila jioni. Krimu, rangi ya udongo na kijani kilichofifia huficha vumbi na hufanya nikeli ionekane zaidi. Bluu ya ziwa kwenye fremu na krimu kwenye madigadi, kwa macho yangu, ndiyo baiskeli ya Mwanza.

Tukiwa kwenye nikeli: usiogope kuitumia. Ziwa Victoria ni la maji baridi, kwa hiyo usukani na ringi za huku hazipigwi na upepo wa chumvi kama za Tanga au Unguja. Anayepaswa kuwa macho ni yule anayebeba samaki au dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba. Maji yanayochuruzika kwenye keria hula chuma. Mwagia maji safi jioni hiyohiyo, kausha, paka mafuta kidogo.

Kuna wanaopendelea kuizungushia fremu plastiki za rangi au kitambaa badala ya kupaka. Ni rahisi, na wengine husokota kwa ufundi unaostahili sifa. Lakini maji ya mvua huingia chini yake na kubaki humo, kutu ikatafuna kimyakimya mahali usipoona. Ukiamua njia hiyo, paka praima kwanza na uifungue kila masika yanapoisha.

Nafasi ya tatu: madigadi na mpira wake

Kufika ofisini na mstari wa tope mgongoni hufuta mapambo yote. Baiskeli nyingi za gia huja bila madigadi au na vile vifupi vya plastiki visivyokinga chochote. Nunua ya chuma inayofunika gurudumu vizuri, yenye mikono ya kuishikilia pande zote mbili. Ikicheza kwa mkono dukani, itapiga kelele kwenye mawe ya Mabatini.

Kisha mpira unaoning'inia nyuma, kile kipande kinachozuia tope, ndiyo mahali pa kusema neno lako. Mpira wa kukata kutoka kwenye kinga ya tope ya lori ni mzito, hautikisiki ovyo, na unashika rangi. Mpe mchoraji wa mabango akuandikie. Herufi ziwe kubwa na maneno machache, yasomwe na mtu aliye nyuma yako bila kukukaribia. "Mchumia juani" inatosha, msomaji atamalizia mwenyewe. Wengine huandika salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka", na barabara nzima ya asubuhi inakuwa imesalimiwa.

Nafasi ya nne: kiti

Mafundi wanaoshona viti vya bodaboda ndio wa kuwaendea. Watakushonea kifuniko cha ngozi ya bandia cha rangi unayotaka, chenye mshono wa mapambo na hata jina lako. Kwa nini si vile vya kitambaa chenye manyoya na sponji nene vinavyouzwa tayari? Sponji hunywa mvua na kukaa na maji hayo mchana kutwa, na suruali yako ndiyo itakayoyapokea. Kabla ya kupamba, kaza springi na urefushe kiti: ukikaa na kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Wengi wanaendesha viti vifupi mno, halafu wanalaumu vilima vya Bugando na Isamilo.

Nafasi ya tano: kengele na kioo

Kengele ya chuma yenye mlio mrefu ni lazima kwa anayekatiza Makoroboi penye watu wengi. Fungua kifuniko uangalie vimeno vya ndani. Vya plastiki huisha haraka. Kioo kifungwe kulia, kwa kuwa tunaendesha kushoto na magari yanatupita kwa kulia. Vioo vidogo vya pikipiki vinafaa, ila kimoja kinatosha. Viwili hupanua usukani ukashindwa kupenya.

Baada ya hapo: tairi za ubavu mweupe, shanga za spoku, nyuzi

Tairi zenye ubavu mweupe zinapendeza sana kwenye Phoenix, lakini subiri za sasa zichakae. Shanga za spoku na mirija ya rangi ni rahisi, watoto watakupenda. Kwanza gusa spoku moja moja na ukaze zilizolegea, kwa maana spoku zikishavishwa mirija, hutaona tena iliyokatika. Nyuzi za kuning'inia kwenye mishikio ziwe fupi, zisifike kwenye gurudumu wala kwenye breki.

Kadiri baiskeli inavyopendeza, ndivyo wasiokutakia mema wanavyoitazama. Nyingi za gia zina vishikizo vya kufungua kwa mkono kwenye gurudumu na kiti. Badilisha uweke boliti na nati za kawaida, na ununue mnyororo wa kufuli unaopita kwenye fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja.

Nafasi ya mwisho: spika na taa za vali

Taa ndogo zinazofungwa kwenye vali hutumia betri za vidonge, huisha mapema na hudokolewa kirahisi. Nyekundu ya kumetameta kwenye gurudumu la mbele inamchanganya dereva asijue unakuja au unakwenda. Spika inapendeza siku ya kwenda Bujora, Kisesa, kutazama ngoma za Bulabo, sherehe ya Wasukuma ya mwezi wa Juni, mkiwa kundi na mnakwenda polepole. Siku ya kazi izime. Kwenye Barabara ya Kenyatta kati ya Mkuyuni na Nyegezi unahitaji kusikia lori lililo nyuma yako, na hakuna kioo kinachokuambia hilo mapema kuliko sikio.