Hita ya mafuta kwenye baridi ya Njombe: uzoefu wangu wa misimu miwili

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu blanketi ni kitu cha kumfunika mgonjwa wa homa. Kazi ndiyo iliyonileta Njombe, mji uliokaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni yangu ya kwanza huku nililala na sweta, soksi jozi mbili na kofia ya sufu. Nikavumilia. Ningeendelea kuvumilia kama mke wangu asingejifungua mwishoni mwa Mei mwaka uliofuata, mama mkwe akapanda basi kuja kumlea mzazi.

Usiku wa kwanza tu, mama mkwe akaagiza jiko la mkaa liingizwe chumbani. Ameona wenyeji wanafanya hivyo, naye hakuona ubaya wake.

"Mama, niwie radhi, jiko halitaingia humu."

"Sasa baba, huyu mtoto afe na baridi?"

Kubishana na mkwe ni kazi nzito, lakini hapo sikurudi nyuma. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamshwi na chochote. Wanakutwa asubuhi. Nikamwahidi kwamba ndani ya wiki nitaleta kitu cha kupasha chumba bila moto. Ahadi nimetoa, kitu chenyewe sikijui.

Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam akaingia Kariakoo kwa niaba yangu, tukawa tunaongea kwa simu huku anazunguka madukani. Alikuta aina tatu. Ya kwanza ni ya feni: unaiwasha, dakika mbili unasikia joto, ukiizima dakika mbili hamna kitu, na inavuma usiku kucha. Ya pili ni ile yenye nyuzi zinazowaka nyekundu. Inampasha aliyekaa mbele yake, lakini kwenye chumba chenye chandarua, kanga na nepi sikuitaka hata bure. Ya tatu ndiyo hii ya mafuta, ile iliyosimama kama mbavu za ng'ombe, yenye magurudumu chini.

Muuzaji akamwambia shemeji, "Hii haili umeme, kwa sababu inatumia mafuta." Hapo ndipo nataka nikae kidogo, maana maneno haya nimeyasikia mara nyingi tangu siku ile.

Mafuta yaliyomo hayaungui. Hayaongezwi, hayapungui, na hakuna mahali pa kuyamimina. Yamezibwa humo kiwandani. Chini kuna koili ya umeme kama ya birika. Inapasha mafuta, yaliyopata moto yanapanda juu kwenye mbavu, yaliyopoa yanashuka, yanazunguka hivyo. Kazi ya mafuta ni kulishika joto na kuliachia polepole. Kwa hiyo wati 2,000 za hita ya mafuta na wati 2,000 za hita ya feni zinatoa joto lilelile na kula uniti zilezile. Tofauti ni namna joto linavyokufikia, na kwamba hii ya mafuta unaweza kuiacha usiku mzima bila kelele na bila kitu chekundu kuwaka. Anayekwambia ina siri ya kupunguza umeme anataka kuuza.

Tukachukua ya mbavu 9, wati 2,000. Kulikuwa na ya mbavu 7 ya wati 1,500 na ya mbavu 11 ya wati 2,500. Chumba chetu ni kama mita 3 kwa 3 na nusu, na sasa nikikumbuka naona ile ya 7 ingetosha. Ila ya wati 2,000 ina swichi mbili: ukiwasha moja unapata 800, ya pili 1,200, zote mbili ndiyo 2,000. Uhuru huo umenisaidia sana, kama utakavyoona. Nililipa 210,000 pamoja na nauli ya mzigo kwenye basi.

Ilifika imelazwa ubavu chini ya viroba vya mchele. Kijitabu chake kinasema isimamishwe na iachwe mafuta yatulie chini kabla ya kuwashwa, kwa sababu koili ikiwaka bila kuzamishwa kwenye mafuta inaungua. Niliiacha imesimama mpaka kesho yake. Mama mwenye nyumba alikuja kuiona, akaizunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Rejeta ya gari gani hii?"

Nilipomweleza ni ya kupashia chumba na ina mafuta ndani, akauliza yanauzwa wapi na lita shilingi ngapi.

Kuna jambo la plagi ambalo shemeji hakulitazama, nami sikumwambia alitazame. Hita yenyewe ilikuwa na plagi ya miguu miwili ya duara, ya Ulaya, na muuzaji ametupa adapta ya bei ya chee ya kuichomeka kwenye soketi zetu. Adapta ile haikuwa na ethi. Fikiria: dude zima la chuma, limejaa umeme, linasimama chumbani kwa mtoto, halafu waya wa usalama haufiki popote. Tena nikaunganisha adapta kwenye ekstensheni, kwa kuwa soketi ilikuwa nyuma ya kitanda. Baada ya saa moja nikasikia harufu. Nikadhani ni ile ya upya, maana hita mpya kweli hunuka siku ya kwanza na kijitabu kilishasema tufungue dirisha. Kushika ekstensheni, mkono ukaruka. Plastiki ilikuwa imeanza kulainika.

Hesabu yake si ngumu. Wati 2,000 kwa volti 230 ni karibu ampea 9, saa baada ya saa, usiku kucha. Ekstensheni nyingi za mtaani zina nyaya nyembamba za kuchajia simu na kuwashia redio. Hita ya mafuta haitaki ekstensheni kabisa, inataka soketi ya ukutani. Fundi alikuja akaikata ile plagi, akafunga ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampea 13, akaunganisha ethi, akaifungua na soketi yenyewe kukaza skrubu zilizolegea. Tukahamisha kitanda. Gharama ya fundi ilikuwa ndogo kuliko kikapu cha parachichi nilichompa mama mkwe apeleke Tanga.

Usiku wa kwanza kamili niliwasha swichi zote mbili, themostati, kile kidude kinachoizima hita joto likitosha, nikaizungusha mpaka mwisho, saa 2 usiku hadi saa 11 alfajiri. Asubuhi nikatazama mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Uniti 18 zimekwenda! Kwenye nyumba yetu, iliyo kwenye kundi la matumizi ya kawaida, shilingi 10,000 inanipa uniti 28 na ushehe, kwa hiyo usiku mmoja umekula zaidi ya 6,400. Na chumba chenyewe kilikuwa vuguvugu tu. Hita haikupumzika hata mara moja. Mama mkwe hakusema kitu. Alitazama lile dude, akanitazama mimi, akaenda kuchemsha uji.

Nilikasirika, nikataka kuirudisha. Kisha jioni nikakaa pale chumbani taa ikiwa imezimwa na mkono wangu umetangulia mbele, nikitafuta upepo unaingilia wapi. Chini ya mlango kulikuwa na uwazi wa kupitisha panya mzima. Juu ya dirisha kulikuwa na matundu ya hewa manne, yale ya tofali zenye nafasi. Nyumba hizi za tofali za kuchoma ramani yake ni ileile ya joto la Morogoro, imehamishiwa tu kwenye ukungu. Nilikuwa ninapasha Njombe nzima.

Nikachana godoro chakavu, nikaziba matundu matatu kati ya manne. La nne nililiacha makusudi, watu wanne wanahitaji kupumua. Chini ya mlango nikalaza kitambaa kilichojazwa mchanga. Dirishani nikatundika pazia zito lenye bitana. Yote haya hayakufika shilingi 30,000. Usiku uliofuata, kwa mara ya kwanza, nikasikia "tak". Themostati imejizima.

Tangu hapo utaratibu wangu ni huu. Saa 2 usiku nawasha zote mbili kwa saa moja, chumba kishike joto. Hita yenyewe huchukua kama dakika 20 au 30 kabla hujaanza kuhisi lolote, kwa hiyo usiiwashe ukiwa tayari unatetemeka, utaitukana bure. Chumba kikiwa sawa nazima ile ya 1,200, nabaki na 800, kisha naizungusha themostati kurudi nyuma taratibu mpaka isikike "tak", naiacha hapo hapo. Namba zilizoandikwa kwenye themostati, 1 hadi 6, si nyuzi joto. Zinapima joto pale ilipo hita tu, na kila chumba kina namba yake. Kwa mtindo huu natumia uniti 5 hivi kwa usiku, karibu shilingi 1,800. Kwa mwezi ni uniti 150, shilingi elfu hamsini na kitu.

Hapa walio kwenye kundi la watumiaji wadogo, wanaonunua uniti kwa shilingi 100, wasikilize. Bei hiyo ina mpaka wa uniti 75 kwa mwezi. Hita pekee, hata kwa utaratibu wangu wa ubahili, inauvuka mpaka huo katikati ya mwezi, na uniti zinazozidi zinauzwa 350, bado kodi.

Umeme wenyewe nao una mambo yake. Kuna jioni taa zinafifia na hita inakuwa kama mgonjwa. Fundi alipima siku moja akakuta volti 180. Nguvu ya hita haishuki sawa na volti, inashuka kwa kasi zaidi: kwenye volti 180 ile ya wati 2,000 inabaki na kama 1,200. Si mbovu, imenyimwa chakula. Umeme ukikatika kabisa, ndipo mafuta yanaonyesha kazi yake, maana mbavu zinabaki na moto kwa nusu saa au zaidi. Ya feni ingekuwa imeshapoa zamani. Lakini asikudanganye mtu kwamba utaiunga kwenye betri yako ya sola ya taa na televisheni. Utaimaliza betri kabla hujavua viatu.

Mengine nitayapitia haraka. Inagongagonga na kubwata inapopata moto, ni chuma kinatanuka, mtoto alizoea kabla yetu. Mbavu zinapata moto wa kumfanya mtu aondoe mkono haraka, na mtoto alipoanza kutambaa ikabidi tuizungushie kizuizi cha mbao. Msimu wa mvua za manyunyu utatamani kuanika nepi juu yake. Tulianika mara moja, mama mkwe na mimi tukiwa na umoja wa nadra, na hita ikajizima yenyewe kwa kuzidiwa na joto. Alama ya kutofunika imechorwa juu pale na tuliiona wote wawili. Pia chumba kikizibwa hivi, asubuhi vioo vinalia maji, kwa hiyo kila siku jua likitoka nafungua dirisha nusu saa, vinginevyo ukuta unaota ukungu mweusi. Na ukiona tone la mafuta chini yake, usiite fundi wa kuchomelea. Hiyo imekwisha.

Je, ninaipendekeza? Kwa nyumba yenye mtoto mchanga, mzee au mgonjwa wa kifua, ndiyo, bila kusita, ila tenga pesa ya kuziba chumba na ya fundi wa plagi kabla hujatenga ya hita. Kwa kijana anayeishi peke yake, hapana. Nunua blanketi mbili nzito na chupa ya mpira ya maji ya moto, uiweke miguuni, pesa nyingine kula kuku. Na kwa anayetaka kupasha sebule inayofunguka moja kwa moja kwenye korido na jikoni, hiyo ndiyo ile Njombe nzima niliyoisema, utaichoka LUKU kabla ya Julai kuisha.

Huu ni msimu wangu wa pili nayo. Gurudumu moja limevunjika na sijapata la kuendana nalo, kwa hiyo imesimama mahali pamoja haizunguki tena nyumba, na nahakikisha iko wima. Mama mkwe alirudi Tanga Septemba. Wiki iliyopita alipiga simu kutujulia hali, akamuulizia mtoto, akamuulizia binti yake, halafu akauliza lile dude linakula uniti ngapi siku hizi. Nikamwambia tano. Akasema, "Tano, na mlango mmeufunga?"