Picha ya Nolde kutoka duka la fremu Majengo: kazi safi, ila ile karatasi ya nyuma wairekebishe

Nianze na kazi yenyewe maana hawa vijana wanastahili sifa. Ni kaduka ka fremu na picha za kuchapa, kapo mitaa ya nyuma ya soko la Majengo hapa Dodoma, unachagua picha kwenye tableti yao, wanakuchapia kwenye kanvasi afu fundi anaivuta kwenye fremu ya mninga. Mimi nilichukua mawimbi ya mchoraji Emil Nolde, ile inaitwa Brecher ya mwaka 1936, bahari ya kijani imechafuka na juu mbingu inawaka rangi ya machungwa, saizi ya 60 kwa 80, laki na ishirini pamoja na fremu. Rangi zimetoka vizuri mno, hazijapauka, kona zimekaa sawa, na kwa kuwa haina kioo vumbi letu hili la Dodoma unafuta tu na kitambaa kikavu yameisha. Boda wao aliileta mpaka Kisasa imefungwa kwa maboksi, haina hata mkwaruzo.

Sasa shida. Nyuma ya kila picha wanabandika karatasi yenye maisha ya mchoraji, wazo zuri sana maana duka gani jingine linafanya hivyo, ila ya Nolde imeandikwa kuwa alikuwa mchoraji wa Kijerumani aliyeteswa na Hitler, akakatazwa kuchora, akachora kwa kujificha mpaka vita vikaisha. Basi, nukta.

Jamani hiyo ni nusu, tena ile nusu aliyopenda yeye mwenyewe isimuliwe.

Ni kweli Wanazi, chama cha Hitler, walimfanyia vibaya. Waliondoa kazi zake zaidi ya 1,000 kwenye makumbusho za Ujerumani, hakuna msanii mwingine aliyeondolewa nyingi hivyo, na mwaka 1937 wakazitundika baadhi pale Munich kwenye maonyesho ya kuwadhalilisha wasanii, zikiwemo zile picha 9 za maisha ya Kristo. Mwaka 1941 wakamfukuza kwenye chama cha wasanii cha serikali, kwa hiyo hakuruhusiwa tena kuuza wala kuonyesha kazi, ila kuchora kwenyewe hakukatazwa kama karatasi inavyosema. Lakini huyuhuyu alikuwa mwanachama wao! Alijiunga mwaka 1934 na Wanazi wa Schleswig Kaskazini, upande wa Denmark, na mwaka huohuo akasaini tamko la wasanii la kumuunga mkono Hitler. Mwaka 1933 alimchongea mchoraji mwenzake Max Pechstein kwa wakubwa kwamba ni Myahudi, mtu waliyekuwa naye kundi moja la wachoraji, Die Brücke, zamani, na Pechstein wala hakuwa Myahudi, yaani hata angekuwa, unamchongea mwenzako kwa watu wale? Na hata baada ya kudhalilishwa Munich hakugeuka, mwaka 1938 alimwandikia Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, akijitetea kuwa sanaa yake ni ya Kijerumani hasa. Vita vilipoisha akageuka kuwa mhanga, na kwenye matoleo mapya ya vitabu vya maisha yake maneno ya chuki kwa Wayahudi yakaondolewa.

Sisi tena tuna sababu ya ziada ya kutaka habari kamili. Mwaka 1913 alisafiri na msafara wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani kwenda New Guinea, kisiwa cha Pasifiki, kipindi kilekile ambacho huku kwetu Mjerumani ndiye mtawala na reli yake imeshapita Dodoma. Aliandika mwenyewe kwamba akiwachora wenyeji kule alikuwa na bastola kando. Aliwasifia kwenye rangi lakini aliwachora akiwa na silaha, na hilo mtu anayetundika picha sebuleni kwake Ilazo au Nkuhungu ana haki ya kulijua.

Sisemi duka liache kuziuza, mimi yangu nimeitundika na nitaendelea kuitazama, huyu mtu alijua rangi. Angela Merkel, alipokuwa kansela wa Ujerumani, alikuwa na hiihii Brecher ofisini kwake, mwaka 2019 ikachukuliwa kwa ajili ya maonyesho ya Berlin yaliyoanika nyaraka za Nolde za enzi za Wanazi, na hakuitaka tena irudi. Kila mtu ataamua lake, ila aamue akiwa na habari zote.

Nilirudi nikamwambia kijana wa kaunta, akanisikiliza kwa heshima kabisa, akasema, “Kaka, ile tuliitoa mtandaoni ilivyo, tuandikie basi tuibadilishe.” Nikamwandikia pale pale mistari sita, mwaka wa chama, Pechstein, barua kwa Goebbels, New Guinea, pamoja na yale aliyofanyiwa 1937 na 1941 maana nayo ni kweli. Ameahidi kubandika mpya.

Kwa anayetaka kwenda: pima ukuta kabla, toa nusu ya hela kwanza, usiende Jumamosi mchana panajaa, na mwombe fundi mninga maana mbao nyepesi zinapinda kiangazi. Maua ya Nolde wanayo pia kwa saizi ndogo, elfu hamsini. Ukifika geuza picha usome nyuma, ukikuta bado ni ile karatasi ya zamani waambie.