Miezi 11 na kompyuta mpakato hii: ukaguzi wa mwisho kabla ya dhamana kuisha

Ndugu watazamaji, karibuni tena. Kompyuta mpakato iliyo mezani mnaifahamu, kwa kuwa ndiyo niliyoifungua kwenye boksi mbele yenu miezi 11 iliyopita. Leo siichambui kwa kasi wala kwa uzuri wa kioo chake, bali kwa swali moja tu: ina ubovu gani unaostahili kutengenezwa bure wakati dhamana ingali hai? Nembo nimeifunika kwa makusudi.

Nilianza na tarehe. Kwa hesabu yangu zilikuwa zimebaki siku 30, lakini nilipoingiza namba ya mfululizo iliyobandikwa chini ya mashine kwenye tovuti ya mtengenezaji, nilikuta zimebaki 9, kwa sababu wao walianza kuhesabu tangu mzigo ulipotoka kwao kwenda kwa msambazaji. Kilichoniokoa ni risiti ya EFD ya duka la Kariakoo yenye tarehe niliyonunua, au tuseme picha yake, maana karatasi ile huchapwa kwa joto na maandishi ya risiti yangu yalikuwa yamefifia nusu nzima.

Kuhusu betri, fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua kwa kivinjari faili ambalo mahali lilipohifadhiwa utaonyeshwa papo hapo. Linganisha uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo inaofikia sasa ikijaa. Yangu iliundwa kwa mWh (kipimo cha nishati ya betri) 50,000 na leo inafikia 41,500, yaani asilimia 83. Nilidhani nimepata hoja, lakini fundi wa kituo cha huduma alinieleza kwa upole kwamba huo ni uchakavu wa kawaida, na kwamba betri hubadilishwa bure ikiwa imevimba au imekataa kabisa kuchaji. Jibu hilo sikulipenda, ingawa sikuwa na la kulipinga. Kioo nilikikagua gizani kwa kukijaza rangi moja moja, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu na nyeusi, nacho hakikuwa na doa.

Ubishi ulikuwa kwenye bawaba ya kushoto. Ilikuwa ikilia kila nilipofunua kifuniko, na plastiki iliyo juu yake ilikuwa imeanza kuachana. Ufa ukishaonekana, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama uliiangusha, kwa kuwa dhamana ya kawaida hailipii kuanguka wala kumwagikiwa maji, na ni vigumu mtu kuthibitisha jambo ambalo halikutokea. Mimi nilikuwa na video ya mwezi wa sita inayoonyesha ufa ukiwa mwembamba kama unywele na kona zote za mashine zikiwa safi, na fundi alipoitazama alikubali kuipokea. Nikaongeza na tundu la chaja la USB-C, ambalo lilikuwa likikata umeme waya ukiguswa kidogo.

Kabla ya kuikabidhi nilinakili mafaili yote kwenye diski ya nje, na nikaandika kwenye daftari ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayolinda data za diski, wenye tarakimu 48. Sikuondoka pale mezani hadi nilipopewa fomu ya mapokezi yenye tarehe na matatizo yote mawili, kwani mdomo mtupu usingethibitisha kwamba niliripoti ndani ya muda.

Mashine ilirudi baada ya siku 12. Tundu lile lilikuwa limeunganishwa moja kwa moja na ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi, hivyo ubao wote ulibadilishwa, na nilipoiwasha nyumbani kitu cha kwanza Windows ilichoniomba ni zile tarakimu 48, kwa kuwa BitLocker haikuutambua ubao mpya. Bawaba mpya imekaza vizuri na hailii, ila ni ya muundo uleule. Kwa hiyo alama 8 kati ya 10 nilizoipa mwaka jana nazishusha hadi 6, na zote mbili zimekatwa na bawaba.