MolluscaBase: miezi minne naitumia kwa majina ya chaza na kombe

Wadau wa bahari nawasalimu. Hii MolluscaBase, hifadhidata ya mtandaoni ya majina ya kisayansi ya chaza, kombe, konokono na jamii yao, naifungulia kwenye simu tu, ni bure, hata akaunti hufungui, na kwa yeyote anayeshughulika na chaza au kombe mi nasema itumieni.

Nasaidia kikundi cha kina mama wanaofuga chaza wa lulu huku Unguja. Kuna sehemu tulipeleka maombi wakataka orodha ya viumbe wa pwani yetu, nikakusanya ripoti za zamani nikajumlisha majina yote, kumbe chaza mmoja nimemhesabu mara tatu! Ripoti moja inasema Meleagrina margaritifera, nyingine Margaritifera margaritifera, ya juzi juzi Pinctada margaritifera. Maombi yakarudishwa, na iliniuma kweli maana kina mama walishasubiri sana.

Sasa humu unaandika jina la zamani, mara nyingi inakwambia hili halitumiki tena, linalokubalika ni lile pale, unabonyeza unafika. Na kama una orodha ndefu nenda WoRMS, daftari kubwa la viumbe wote wa baharini linalotunzwa Ubelgiji, unapakia faili zima wanakulinganishia majina yote kwa mkupuo.

Ila kilichonifurahisha kuliko vyote ni mabano. Baada ya jina la kiumbe wanaandika aliyelitoa na mwaka. Utaona Pinctada margaritifera (Linnaeus, 1758) ana mabano, alafu Tridacna squamosa Lamarck, 1819 (aina ya kombe mkubwa) hana. Maana yake ni kwamba Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, alipomwandika mwaka 1758 alimweka jenasi (kundi, ndo neno la kwanza la jina) ya kome akamwita Mytilus margaritiferus, baadae wenzake wakamhamisha, ndo mabano yakaja. Na lile -us likawa -a kwa sababu kwa Kilatini Pinctada ni jinsia ya kike, yaani ni upatanisho kama wa ngeli zetu, ukitoa mti mzuri ukaweka nyumba lazima iwe nzuri. Nilivyowaeleza kina mama hivo walielewa palepale. Hata kombe wetu Anadara antiquata ana mabano, zamani alikuwa Arca.

Pia chaza wa lulu hayuko familia moja na chaza anayeshika kwenye mizizi ya mikoko, yule ni wa Ostreidae. Mi miaka yote nilidhani ndugu wa tumbo moja.

Angalizo, hii ni ya majina. Ukiokota kombe usiyemjua, haitakwambia ni nani, hapo utafute kitabu chenye picha au mtaalamu. Na msione ajabu chaza wa Pasifiki mkimkuta kama Magallana gigas wakati wafugaji wengi bado wanaandika Crassostrea gigas, wanasayansi wenyewe walibishana sana juu ya huyo, we andika yote mawili. Na ukinakili jina weka na tarehe uliyofungua ukurasa, mwakani anaweza akawa kahamishwa tena.