Velis Electro: maoni ya fundi wake
Wadau kila nikitaja kazi yangu naulizwa, hivi ndege ya umeme inaruka kweli na watu ndani au ni droni tu? Inaruka. Mimi ni injinia wa avioniki, yaani mifumo ya umeme na elektroniki ya ndege, nipo karakana ya shule moja ya urubani huku Ulaya, na ndege ninayoishika kila siku ni Pipistrel Velis Electro, ya viti viwili, inatengenezwa Slovenia, ndio ya kwanza ya umeme kupewa cheti kamili na EASA, wakala wa usalama wa anga wa Ulaya, hiyo ilikuwa Juni 2020.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kile kiskrini cha mfumo wa umeme kwenye dashibodi. Simu inakupa asilimia basi, hiki kinakupa asilimia na dakika zilizobaki kwa nguvu unayotumia muda huo huo, kwahiyo ukiwa unapanda mota inavuta kilowati karibu 50 dakika zinakuwa chache mpaka mwanafunzi anatoa macho, akishanyoosha ndege na kupunguza nguvu anaziona zinarudi. Kinaonyesha na afya ya betri, maana betri inachoka kadiri unavyoichaji, na mimi hiyo namba ndio naamkia nayo.

Betri ziko mbili, moja puani, nyingine nyuma ya viti, volti 345, zinapozwa kwa maji maalum yanayozungushwa na pampu. Zinafanya kazi pamoja, moja ikileta shida inakatwa na iliyobaki inaendelea kulisha mota mpaka utue. Kwenye karakana volti 345 sio mchezo jamani, pete navua, saa navua, glavu navaa, napima kwanza na mita hata kama najua nimeshazima. Kuna siku asubuhi niliwasha nikakuta tahadhari ya betri ya nyuma, nikahangaika na michoro ya nyaya mpaka saa tisa mchana, kumbe ni plagi moja ya waya wa mawasiliano, sisi wenyewe tuliirudisha jana yake haikuingia mpaka mwisho, ukiitazama unaona imekaa fresh tu, ukiigusa kwa kidole inacheza kidogo sana. Ile ndege ilikataa kunyamaza juu ya kaplagi kadogo vile na mimi toka siku hiyo naiamini.

Sasa mapungufu, na sifichi. Muda ni kama dakika 50 ukiweka akiba pembeni, yaani mazoezi ya kupaa na kutua kuzunguka uwanja, safari sahau. Ni ya mchana tu, tena unaona nje vizuri, mawingu hapana. Halafu uzito, ikiwa tupu ni kilo 428 na mwisho wake ni 600, mnabaki na 172 za mwalimu na mwanafunzi na mabegi yao, na tofauti na ndege ya mafuta huwezi kusema tupunguze mafuta kidogo, betri ina uzito ule ule ikijaa ikiisha. Nimeona vijana wamelipia somo wakarudishwa mlangoni kwa sababu ya kilo nne, inauma sana.

Kuchaji mpaka ijae ni zaidi ya saa moja, na hapa kwetu uongozi ulinunua ndege mbili chaja moja, nililalamika tangu mwanzo, sasa hivi foleni ya chaja ndio inapanga ratiba ya shule nzima.

Ila kelele hamna bana. Ikipita juu ya nyumba za jirani unasikia upepo wa propela basi, na wale wazee waliokuwa wanapiga simu uwanjani kila Jumamosi kulalamika siku hizi hawapigi. Kwa shule yenye uwanja karibu na makazi ya watu ningesema nunueni hata kesho, kwa mtu anayetaka ndege yake ya kwenda mji wa pili, bado. Na kama unakuja tu kuijaribu, jipimeni uzito wewe na mwalimu kabla hujalipa, na nguo mkiwa mmevaa.