Kupanda mlima wa theluji na snobodi: viatu vya theluji, skii fupi au splitibodi? Nimetumia vyote vitatu

Kwanza fanya hesabu hii. Ukienda kuteleza porini na snobodi, ule ubao mmoja mpana wa kutelezea kwenye theluji, mahali ambapo hakuna lifti, unapanda masaa 3 au 4 alafu unashuka dakika 10, labda 15 kama mlima ni mrefu. Yaani siku yako karibu yote ni kupanda. Lakini watu wakienda dukani wanauliza ubao unaelea vipi kwenye theluji laini, unakata kona vipi, na swali la utafikaje kule juu linabaki la mwisho. Kwangu mimi hilo ndo swali la kwanza, na baada ya misimu kadhaa ya kujaribu hiki na kile naandika hapa nilichokiona ili mwenzangu anayeanza asipoteze hela.

Nilianza na viatu vya theluji, zile fremu pana unazofunga chini ya buti ili usizame. Uzuri wake ni kwamba unabaki na ubao wako uleule na buti zako zilezile, na kutembea navyo unajifunza dakika 5 tu. Kwenye theluji ngumu iliyopigwa na upepo, au kwenye korongo jembamba lenye mwinuko mkali, navipenda mpaka leo. Ukinunua angalia vitu viwili: meno ya chuma yazunguke fremu nzima, yasiwe chini ya vidole tu, na kuwe na kile kichuma cha kuinua kisigino maana bila hicho misuli ya nyuma ya miguu inawaka moto kabla hujafika nusu ya njia. Vile vya fremu ya bomba la mviringo ni vya kutembelea kwenye tambarare, ukikata mlima kwa ubavu vinateleza tu.

Shida inakuja theluji ikiwa mpya na nzito. Siku moja nilitoka na wenzangu wanne, wao wote walikua na splitibodi (ubao unaogawanyika, naueleza chini), mi peke yangu na viatu vya theluji, na usiku ule ilikua imeanguka theluji ya kufika magotini. Wao wanasukuma mguu mbele unateleza, mi kila hatua nanyanyua mguu mzima na theluji iliyokaa juu yake, nazama, natoka, nazama tena, alafu mgongoni nimebeba ubao wa kilo 3 unaokamata kila tawi na kila upepo unaopita. Kufika juu wenzangu walikua wameshavaa makoti mazito wananisubiri kwenye baridi, na hiyo sio vizuri hata kidogo, kundi zima lilichelewa na jua lilikua limeshaanza kulainisha theluji. Na jambo lingine ambalo wengi hawaambiwi: usitembee na viatu vya theluji juu ya njia iliyotengenezwa na wenye skii, vile vibao viwili vyembamba, kimoja kila mguu, unaitoboa mashimo na wanaokuja nyuma wanateleza, tengeneza yako pembeni.

Skii fupi za kupandia nilizitumia msimu mmoja tu. Zinateleza, hilo ni kweli, kwa hiyo ni nafuu kuliko kunyanyua miguu, lakini ubao bado uko mgongoni na ukishafika juu unabadilisha mzigo tu, sasa skii ndo zinakaa kwenye begi wakati unashuka. Ukipita kwa ubavu kwenye theluji ngumu ufupi wake unakuangusha. Sijui mtu ambaye ningempa kama chaguo la kwanza, labda yule mwenye ubao mmoja anaoupenda sana na hataki kabisa kuuacha.

Sasa splitibodi. Hii ni snobodi inayogawanyika katikati kwa urefu, unapata vipande viwili unavivaa kama skii, unabandika chini ngozi, yaani mikanda yenye nywele upande mmoja na gundi upande wa pili, unapanda, juu unavua ngozi unaunganisha unashuka. Wazo lake lilianza kushika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Utah, Marekani, Brett Kobernik alipokata ubao wake katikati, kisha akafanya kazi na kampuni ya Voilé ya Salt Lake City mpaka ukapatikana mfumo wa watu kukata ubao wenyewe na kufunga vifaa. Siku hizi unanunua iliyokamilika kiwandani na kwa kweli tofauti na ubao mzima wakati wa kushuka imekua ndogo sana.

Ila sikia, splitibodi nzuri yenye ngozi mbovu ni mateso. Ngozi ndo injini yako. Nywele zake zinalala kuelekea nyuma, ukisukuma mbele zinateleza, mguu ukitaka kurudi zinashika. Kuna za moheri, yaani nywele za mbuzi wa Angora, zinateleza vizuri na ni nyepesi lakini zinaisha haraka, na kuna za nailoni zinashika zaidi na zinadumu ila ni nzito kidogo kusukuma. Mi natumia mchanganyiko na ndo ningemwambia mtu anayeanza achukue huo. Ukizikata acha ukingo wa chuma uonekane kama milimita 2 kila upande, ukifunika chuma hutashika chochote kwenye mteremko mgumu.

Na chunga unyevu. Mara moja tulitoka kwenye upande wa jua, ngozi zikiwa zimelowa, tukaingia kivulini kwenye theluji kavu, ghafla miguu ikawa mizito kama nimefungwa matofali. Kugeuza ubao chini kuna bonge la theluji limeganda unene wa ngumi. Mwenzangu akaniambia "kaka simama, kwangua zote alafu paka weksi", yaani nta ya kuzuia theluji kushika, tukafanya hivo na tukaendelea, lakini kufika kwenye kona ya tatu ngozi ya kushoto ikaachia mkiani kwa sababu theluji ilikua imeingia kwenye gundi. Toka siku hiyo kwenye begi langu hazikosekani weksi, kikwanguo cha plastiki na mikanda miwili ya mpira ya kufungia, na nikivua ngozi juu naziweka ndani ya koti karibu na kifua ili gundi ibaki na joto.

Udhaifu mkubwa wa splitibodi ni kukata ubavu kwenye barafu, kipande ni kipana na buti za snobodi ni laini kwa hiyo ukingo haubani. Nunua kramponi zake, yaani meno ya chuma ya kufunga chini ya baindingi (kile kifungio cha buti), pamoja na ubao, usingoje. Fimbo chukua za kukunja vipande vitatu ziingie kwenye begi. Bisibisi pia, skrubu zinalegea njiani. Alafu fanya mazoezi ya kugawa na kuunganisha nyumbani ukiwa umevaa glavu, mpaka mikono izoee.

Kama bajeti haitoshi vyote, usikate kwenye vifaa vya maporomoko ya theluji. Kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi ya 457 kHz, sepetu ya chuma na fimbo ndefu ya kuchomea theluji kumtafuta aliyefukiwa, kila mtu kwenye kundi awe navyo na ajue kuvitumia, maana aliyefukiwa ana dakika 10 hadi 15 za matumaini makubwa na baada ya hapo yanashuka vibaya. Miteremko tunayoipenda, ya nyuzi 30 mpaka 45, ndo hiyohiyo inayoporomoka. Simu iweke mbali, angalau sentimita 50 na kifaa wakati wa kutafuta.

Kwa hiyo, unatoka mara mbili tatu kwa msimu, azima au kodi viatu vya theluji vyenye meno. Ukishaona unataka kwenda kila wiki, tafuta splitibodi, hata ya mtumba. Ya mtumba iunganishe kabla hujalipa, itazame dhidi ya mwanga kama mstari wa katikati umebana, pitisha kidole kwenye kingo za ndani kama kuna kutu au chuma kimeinuka, kisha bandika ngozi na uivute: ikitoka kirahisi kama karatasi, weka gharama ya gundi mpya kwenye hesabu yako.